Charles William Hobley: Mtetezi wa Wanyamapori na Wenyeji Wasioulizwa

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutajwa panapogawanywa urithi au panapofanyika shauri la ukoo, lakini yafaa pia kuyaeleza maisha ya Charles William Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kwanza cha elimu ya maumbile katika Afrika Mashariki. Wanafunzi wanaotafiti mila na fasihi simulizi ya Wakamba wa Kitui na Makueni hukutana na jina lake katika orodha za marejeleo, kwa kuwa ndiye aliyeandika mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa kuhusu jamii hiyo. Aidha, Hobley alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwatetea wanyamapori wa nchi hizi. Utetezi huo, pamoja na mema yake, ulijengwa juu ya maarifa ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kukaa barazani.

Kuzaliwa na Safari za Mwanzo

Hobley alizaliwa mwaka 1867 huko Chilvers Coton, karibu na mji wa Nuneaton nchini Uingereza. Alisoma katika Chuo cha Mason mjini Birmingham na kujipatia ujuzi wa miamba na madini. Mwaka 1890 aliajiriwa na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kama mtaalamu wa miamba. Kampuni hiyo, iliyokuwa imepewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitaka kujua ni mali gani iliyofichika katika ardhi iliyodai kuitawala. Utajiri wa madini uliotarajiwa haukuonekana. Hata hivyo, kazi hiyo ilimpa kijana huyu nafasi ya kutembea kwa miguu katika nchi ambayo ramani zake zilikuwa na mapengo mengi.

Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Dundas uliopanda Mto Tana kwa meli ndogo iliyoitwa Kenia. Mahali ambapo meli haikuweza kuendelea, wasafiri walishuka na kwenda kwa miguu kuelekea Mlima Kenya. Mto huo ndio unaoizunguka nchi ya Kitui kwa upande wa kaskazini, na kwa Wakamba wa Mumoni na Mwingi ulikuwa mpaka na njia kwa wakati mmoja. Hobley aliizoea pia njia kuu ya misafara iliyotoka Mombasa, ikapita Taita, Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu hadi kituo cha Machakos. Maeneo hayo ya Mtito Andei, Kibwezi na Makindu leo yamo katika Makueni. Mwaka 1895 jarida la jumuiya ya wanajiografia ya London lilichapisha taarifa yake kuhusu Tsavo na milima ya Taita.

Njia hiyo ilimfaa sana mtu mwenye macho ya mwanamaumbile. Kutoka nyika kame ya Tsavo, yenye migunga na mibuyu, msafiri hufika Kibwezi na kukuta msitu wa kijani kibichi ulioota juu ya miamba ya volkano. Chanzo cha ajabu hiyo ni Vilima vya Chyulu. Mvua inyeshayo huko hupenya katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi na kuibuka mbali kama chemchemi. Mjiolojia angeweza kuieleza sababu hiyo kwa kuyachunguza mawe. Mahali hasa pa kupata maji wakati wa kiangazi, hata hivyo, palijulikana na wenyeji, wachukuzi na waongozaji wa misafara, na bila wao hapana mgeni aliyevuka nyika hiyo akiwa hai.

Ikumbukwe kwamba Ukambani haikuwa nchi iliyojitenga. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kikamba waliendesha misafara hadi pwani. Mmoja wao, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea Ludwig Krapf, mmisionari anayejulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka 1877 Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea na wanyama, alifika Kitui. Mwaka uliofuata ndege aina ya kwenzi, aliyepatikana Ukambani, alipewa jina la Kilatini lenye jina la Hildebrandt ndani yake. Watoto wa Kikamba waliokuwa wakichunga mbuzi walimjua ndege huyo kwa jina lao tangu kale. Katika vitabu vya sayansi, hata hivyo, alihesabiwa kuwa amezaliwa mwaka huo wa 1878. Huo ndio ulimwengu wa elimu ambao Hobley aliuingia.

Afisa wa Serikali

Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uingereza ilichukua utawala wa nchi mwaka 1895. Hobley alikuwa tayari ameingia katika utumishi wa serikali, akapelekwa Mumias kuwa mtawala wa sehemu zilizokaribia Ziwa Nyanza, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Uganda. Huko Wajaluo walimpa jina la Obilo. Kipindi hiki ni lazima kielezwe bila kuficha kitu. Mwaka 1895 alishiriki katika vita dhidi ya Wabukusu, vita vilivyoishia katika ngome ya Chetambe na kuua watu wengi. Yeye pia alikuwa mmoja wa maafisa walioweka misingi ya ukusanyaji wa kodi na utawala wa boma katika nchi hiyo.

Mwaka uliofuata aliuzunguka Mlima Elgon, akiandika habari za watu, mapango, miamba na wanyama. Tabia hii ya kuchanganya utawala na uchunguzi haikumwacha tena. Mwaka 1902, wakati eneo hilo lilipohamishwa kutoka Uganda na kuunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki, alichapisha kitabu kuhusu Uganda Mashariki. Baadaye, visukuku vilivyopatikana Karungu, kando ya Ziwa Nyanza, vilipelekwa London kuchunguzwa. Miongoni mwavyo mlikuwa na mabaki ya mnyama wa kale wa jamii ya ndovu, ambaye pembe zake ziliota kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Mwaka 1911 mtaalamu aliyeyachunguza alimpa mnyama huyo jina la Kilatini lililomtaja Hobley.

Ukambani na Kitabu cha 1910

Kutoka Nyanza Hobley alihamishiwa makao makuu ya Himaya, na hatimaye akawa mkuu wa Mkoa wa Ukamba, uliojumuisha wilaya za Machakos na Kitui. Makueni ya leo ilikuwa sehemu ya Machakos, na haikupata kuwa wilaya hadi mwaka 1992. Hobley aliwahoji wazee kuhusu koo na wanyama wanaohusishwa na kila ukoo, viapo, matambiko, na mahali patakatifu panapoitwa ithembo. Matokeo yake yalikuwa kitabu juu ya ethnografia ya Wakamba, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1910. Gerhard Lindblom, Msweden aliyekuja Ukambani muda mfupi baadaye, aliendeleza kazi hiyo kwa upana zaidi, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Kwa msomaji wa leo, ithembo ndiyo sehemu ya kutafakari zaidi. Ilikuwa ni mahali penye miti mikubwa, aghalabu mikuyu, ambapo wazee walitoa sadaka kuomba mvua au kuondolewa maradhi. Mti wa ithembo haukukatwa ovyo, wala ndani yake watu hawakuingia watakavyo. Katika nchi ambayo mvua zake hukosekana mara kwa mara, vichaka hivi vilibaki na miti wakati vilima vilivyozunguka vilipokwisha kulimwa. Vivyo hivyo, uwindaji wa Wakamba ulikuwa na kanuni zake. Walitumia upinde na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, na mishale hiyo ilitiwa alama ili mwenye haki ya windo ajulikane. Mizinga ya nyuki nayo ilitiwa alama, na mwizi wa asali alihesabiwa kuwa mhalifu mkubwa.

Hobley aliyaona mengi ya mambo haya, akayaandika chini ya vichwa vya dini, mila na itikadi. Hapo ndipo lilipo kosa ambalo yeye na wenzake walishiriki. Yale waliyoyaita elimu ya maumbile yalikuwa ni yale yaliyopimwa, yakakaushwa na kupewa jina la Kilatini. Yale waliyoyasikia kwa wazee kuhusu miti, maji na wanyama yaliwekwa katika kabati jingine, kabati la ushirikina. Mzee wa ithembo aliweza kuwa habari ndani ya kitabu, lakini hakuweza kuwa mshauri wa serikali kuhusu msitu wake mwenyewe.

Chama cha Mwaka 1909

Mwaka 1909 ndipo kilipoundwa mjini Nairobi Chama cha Elimu ya Maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda. Rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, afisa mkubwa wa serikali na bingwa wa elimu ya ndege. Pamoja na Hobley walikuwapo John Ainsworth, ambaye aliwahi kuitawala Machakos kwa miaka mingi, wamisionari Harry Leakey na Kenneth St. Aubyn Rogers, na Blayney Percival wa idara ya wanyamapori. Walikuwa maafisa, wamisionari na walowezi. Waafrika hawakuwamo miongoni mwa waasisi.

Nia yao ilikuwa njema na bidii yao haina shaka. Toleo la kwanza la jarida la chama lilitoka mwaka 1910, na mwaka huohuo chama kikafungua jumba dogo la makumbusho mahali ambapo leo pamesimama Nyayo House. Mkusanyiko huo wa ndege, wadudu, mimea na mawe ndio uliokuwa mbegu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jumba jipya lililofunguliwa mwaka 1930 liliitwa kwa jina la gavana Coryndon hadi wakati wa uhuru.

Hobley alikuwa mwandishi wa jarida hilo, na udadisi wake haukuwa na mipaka. Mathalani, mwaka 1912 alichapisha humo makala kuhusu wanyama wasiotambulika na sayansi, akikusanya habari za mnyama wa kutisha aliyesemwa kuonekana katika nchi ya Wanandi na kwingineko. Hakuthibitisha wala hakukejeli, bali alipanga ushahidi wa kila aliyesema ameona. Inastahili kuzingatiwa kwamba katika jambo hili alikuwa tayari kusikiliza uvumi kwa makini ya mwanasayansi.

Mwaka wa kuasisiwa kwa chama ulikuwa pia mwaka wa safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani. Roosevelt alianza uwindaji wake katika mbuga za Kapiti, katika nchi ya Ukamba. Kufikia mwisho wa safari yake yote, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wamewaua wanyama 512, wengi wao wakipelekwa katika makumbusho ya Marekani. Uwindaji huo ulikuwa halali, kwa kuwa kanuni za Himaya zilimruhusu mwenye leseni. Mkamba aliyelenga paa kwa mshale katika nyika ya Kibwezi ili wanawe wale hakuwa na leseni, na bei yake ilikuwa nje ya uwezo wake. Hivyo kazi moja ikapewa majina mawili: ya mgeni ikaitwa michezo na sayansi, ya mwenyeji ikaitwa ujangili.

Pwani, Kustaafu na London

Kuanzia mwaka 1912 Hobley alikuwa mkuu wa mkoa katika Pwani, akikaa Mombasa, hadi alipostaafu mwaka 1921. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu imani na uganga wa Wabantu, kikiwahusu hasa Wakamba na Wagikuyu, kikiwa na utangulizi wa James Frazer, mtaalamu maarufu wa dini za kale. Mwaka 1929 akachapisha kumbukumbu za miaka yake thelathini ya safari na utawala nchini Kenya.

Kustaafu hakukumpumzisha. Katika miaka ya 1920 aliteuliwa kuwa katibu wa jumuiya ya kuhifadhi wanyamapori wa dola ya Kiingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1903, akaitumikia hadi katikati ya miaka ya 1930. Wanachama wake wengi walikuwa watu wa tabaka la juu waliowahi kuwinda Afrika, na wapinzani wao waliwakejeli kwa jambo hilo. Hobley aliwaletea jambo jingine, yaani uzoefu wa mtu aliyeishi miongo mitatu katika nchi zinazozungumziwa. Mwaka 1930 jumuiya ilimtuma Meja Hingston kuzunguka Afrika Mashariki na ya Kati, naye akarudi na pendekezo la kuanzisha mbuga za taifa. Mwaka 1933 ulifanyika mkutano wa kimataifa mjini London uliotia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika, mkataba ambao Hobley aliuunga mkono kwa kalamu yake.

Ushindi huo haukuwa mdogo. Bila shinikizo la watu kama hao, wanyama wengi wangemalizwa na bunduki za walowezi, biashara ya pembe na kampeni za kuwaua wanyama kwa kisingizio cha kupambana na ndorobo. Hata hivyo, mpango uliotungwa ulikuwa wa kuwatenga wanyama na watu kwa mpaka, na waliotenga walikuwa mbali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Hobley alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa takriban miaka 80. Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000, katika nyika ileile aliyoivuka kwa miguu ujanani mwake.

Baada Yake

Tsavo ilipakana na Wakamba wa Makueni na wa Kitui kusini, na ilichukua maeneo yaliyokuwa mawindo yao na ya jirani zao Wawata. Katika miaka ya 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa ya kuwakamata wawindaji, na wanaume wengi wa jamii hizo mbili walifungwa. Walioijua nyika kuliko wote wakawa maadui wa wanyama wa nyika kwa mujibu wa sheria. Ndovu waliongezeka, kisha ukame wa 1970 na 1971 ukawaua kwa maelfu ndani ya mbuga. Baada ya hapo ukaja ujangili wa kibiashara wenye bunduki, na idadi ya ndovu wa Kenya, iliyokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, ikashuka hadi chini ya 20,000 kufikia mwaka 1989. Mpaka uliochorwa haukuweza kuwalinda wanyama kwa sababu waliokuwa nje yake hawakuwa na sababu ya kuupenda. Hadi leo mkulima wa Mtito Andei au wa Mutomo ambaye shamba lake limevamiwa na ndovu hulipa gharama ya uhifadhi kwa mahindi yake.

Chama alichokiasisi Hobley nacho kilibadilika. Sasa kinajulikana nchini Kenya kwa jina la Nature Kenya, wanachama na viongozi wake ni Wakenya wa kila jamii, na hufanya kazi pamoja na vikundi vya wenyeji katika maeneo muhimu ya ndege. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha Vilabu vya Wanyamapori vilivyoenea katika shule nyingi. Huko Makueni, bunge la kaunti lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga wa mito, baada ya wenyeji kuona jinsi uzoaji holela unavyokausha maji. Sheria hiyo ilitungwa na wawakilishi waliochaguliwa na watu wanaoteka maji katika mchanga huohuo.

Maisha ya Hobley basi hayafai kusomwa kwa kusifu tu wala kwa kulaani tu. Alikuwa mtawala aliyeshika bunduki, na pia mtafiti aliyeokoa kumbukumbu ambazo pengine zingepotea. Alipenda viumbe vya nchi hii kwa dhati, lakini aliamini kwamba wa kuvitetea ni wataalamu na watawala. Vitabu vyake vimebaki na manufaa, hasa kwa atakayevisoma akiwa na sikio la kumtafuta mzee aliyekuwa akijibu maswali.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuna kazi iliyobaki. Majina ya ndege, miti, nyasi na wadudu wa Kitui na Makueni bado yamo vinywani mwa wazee, na kamusi za Kiswahili zina mapengo mengi katika sehemu hiyo. Mara nyingi mwandishi hulazimika kusema ndege mdogo au mti wa porini pale ambapo mwenyeji ana jina kamili. Kuyakusanya majina hayo, kuyalinganisha na kuyaingiza katika istilahi za Kiswahili, huku jina la aliyeyatoa likiandikwa kando yake, ni njia mojawapo ya kuhakikisha kwamba katika shauri lijalo kuhusu nyika ya Ukambani, mwenyeji atakuwapo na lake litakuwapo.